Redio Ilipoimba: Somo Kutoka kwa Chama cha Wapenda Kompyuta



Pengine katika mtaa wako kuna kompyuta moja ya kikundi. Imewekwa ofisini, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi, na ufunguo wa mlango unakaa na mtu mmoja. Vijana wakiomba kuigusa wanaambiwa, "Ngojeni fundi, nyinyi mtaiharibu." Mwaka unaisha. Kompyuta haijaharibika, ni kweli, lakini pia haijamsaidia mtu yeyote.

Katika toleo hili tunataka kueleza juu ya chama kimoja kilichofanya kinyume cha hayo. Kilianza mwaka wa 1975 katika mji mdogo wa Menlo Park, jimbo la California, Marekani. Wanachama wake walifungua mashine zao, wakazigusa, wakakosea, wakaulizana, na aliyejua jambo alisimama akawaambia wenzake. Mikutano yao ilisaidia sana kuitoa kompyuta katika vyumba vya wakubwa na kuifikisha mezani kwa mtu wa kawaida. Lakini pia walitofautiana vikali, na jambo lililowatofautisha linatuhusu hata sisi: Je, ujuzi ni wa kugawana bure, au aliyetoa jasho ni lazima alipwe?

KOMPYUTA ZILIKUWA ZA NANI?

Leo hata simu ya mfukoni ni kompyuta. Hapo zamani haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta nyingi zilikuwa kubwa kama kabati, na nyingine zilijaza chumba kizima. Wenye kuzimiliki walikuwa serikali, jeshi, benki, kampuni kubwa na vyuo vikuu. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa hata kuikaribia. Ukiwa na kazi ya hesabu uliwapelekea wahusika, kisha ukaenda zako kungoja majibu.

Basi mnamo Januari 1975 gazeti moja la mafundi wa elektroniki, Popular Electronics, lilitoa picha ya kompyuta ndogo kwenye jalada lake. Iliitwa Altair 8800. Ilitengenezwa na kampuni ya MITS ya mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, iliyoongozwa na Ed Roberts. Bei yake ilikuwa chini ya dola 400 ukinunua vipuri tupu. Yaani unatumiwa sanduku la vipuri na karatasi za maelezo, halafu kuunganisha ni juu yako mwenyewe, kama fundi wa jua kali.

Na ukimaliza kuiunganisha, unapata nini? Usicheke, msomaji. Haikuwa na kibodi wala kioo cha kusomea. Mbele yake palikuwa na safu za swichi na taa ndogo, basi. Ili kuipa kazi ulipandisha na kushusha swichi, hatua moja baada ya nyingine, na jibu ulilisoma kwa kuangalia ni taa gani zinawaka. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi ya herufi 256 tu. Ukiandika salamu za mwanzo wa barua, imejaa!

Hata hivyo maelfu ya watu waliagiza. Kwa nini? Kwa sababu kwa mara ya kwanza kompyuta ilikuwa yako. Hakuna wa kukufukuza dirishani. Shida ilibaki moja: mtu akikwama na swichi zake usiku wa manane, angemwuliza nani?

WATU 32 NDANI YA GEREJI

Wawili walioona shida hiyo ni Gordon French, ambaye alikuwa mhandisi, na Fred Moore. Huyu Moore hakuwa mhandisi wala tajiri. Alikuwa mpenda amani. Mwaka wa 1959, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Berkeley, aliketi mbele ya ofisi za chuo akafunga kula, akipinga wanafunzi kulazimishwa mafunzo ya kijeshi. Imani yake ilikuwa kwamba watu wakifahamiana na kusaidiana, hawatategemea pesa kwa kila jambo. Alikuwa na mazoea ya kuandika orodha: fulani anajua hiki, fulani anatafuta kile. Kisha anawaunganisha.

Moore na French walibandika matangazo. Ujumbe ulikuwa mfupi: Je, unajitengenezea kompyuta au mashine kama hiyo? Basi njoo ukutane na wenzako.

Jumatano tarehe 5 Machi 1975, jioni ya mvua, watu 32 walifika nyumbani kwa French. Mkutano ulifanyika ndani ya gereji, pale anapoweka gari lake. Hapakuwa na mgeni wa heshima wala meza kuu. Wengine walikaa kwenye viti, wengine chini kwenye sakafu ya simiti. Kila mmoja alijitambulisha, akasema anafanya nini na amekwama wapi. Altair moja ilikuwepo, wakaizunguka kuitazama. Mwisho wa mkutano mtu mmoja aliinua chipu, yaani kile kipande kidogo ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, akauliza nani anaihitaji. Akampa mwenzake, bure.

Miongoni mwao alikuwepo kijana wa miaka 24 aliyeitwa Steve Wozniak. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Hewlett-Packard, kazi yake ni mashine ndogo za kupiga hesabu. Alikuwa mwenye haya sana, na habari za Altair hakuwa nazo. Alijiona amepotea njia. Lakini katika mkutano huo aligawiwa karatasi yenye maelezo ya chipu ya namna hiyo. Alikwenda nayo nyumbani akaisoma. Kumbe mambo yaliyoandikwa yalifanana na yale aliyokuwa akiyachora mwenyewe tangu akiwa mwanafunzi! Yeye mwenyewe amesimulia kwamba usiku huo ndipo alipoiona akilini kompyuta atakayoitengeneza. Karatasi moja tu, iliyogawiwa na mtu asiyemjua.

Chama kilikuja kuitwa Homebrew Computer Club. Neno hilo la kwanza hutumika kwa pombe ya kupikwa nyumbani, tuseme kama busaa. Walimaanisha tu kwamba kompyuta zao hazikutoka kiwandani zikiwa tayari, zilipikwa nyumbani.

SIKU REDIO ILIPOIMBA

Baada ya wiki chache gereji haikutosha. Mwezi wa Aprili wakakutana katika shule moja ya hapo Menlo Park. Mwanachama mmoja, Steve Dompier, alikuja na Altair yake. Huyu alikuwa na hamu kubwa hata akasafiri kwa ndege mpaka Albuquerque kuona kama kompyuta aliyoagiza ni ya kweli.

Dompier aliweka Altair mezani na karibu yake akaweka redio ndogo. Chumba hakikuwa na stima, ikabidi kuvuta waya mrefu kutoka mahali pengine. Akaanza kupandisha na kushusha swichi, moja moja, kwa uvumilivu. Alipokaribia kumaliza, watoto waliokuwa wakicheza kwenye ujia wakajikwaa kwenye ule waya, ukachomoka. Kompyuta ile ikikosa stima husahau yote. Kazi yote ikapotea! Dompier akaanza tena kutoka swichi ya kwanza, na watu wakangoja.

Hatimaye akamaliza. Redio, ambayo haikuunganishwa na kompyuta kwa waya wowote, ikaanza kutoa sauti. Sauti zikapangika. Kumbe ni wimbo! Ilikuwa The Fool on the Hill, wimbo wa Beatles. Ulipoisha watu walisimama wakapiga makofi kwa nguvu. Halafu redio ikaanza wimbo wa pili, Daisy. Waliojua historia walielewa mara moja, kwa maana huo ndio wimbo ambao kompyuta kubwa ya maabara ya Bell ilifundishwa kuimba mwaka wa 1961. Sasa uliimbwa na sanduku dogo la mtu binafsi, tena lisilo na kipaza sauti.

Je, iliwezekanaje? Si uchawi. Wewe mwenyewe umeona kwamba radi ikipiga, redio hukwaruza. Ukiiweka karibu na mota ya stima pia hukwaruza. Sababu ni kwamba stima inapobadilika haraka hutoa mawimbi, na redio huyanasa. Ndani ya kompyuta stima hubadilika mara nyingi mno kwa sekunde moja. Siku moja Dompier alikuwa nyumbani akisikiliza habari za hali ya hewa huku kompyuta yake ikifanya kazi ya kupanga namba. Redio ikaanza kupiga kelele. Mtu mwingine angeizima kwa hasira. Dompier aliuliza, "Mbona kelele inabadilika kazi inapobadilika?"

Akajaribu. Akaona kwamba kompyuta ikirudia hatua chache, kwa haraka, sauti huwa nyembamba. Ikirudia hatua nyingi, mzunguko ukawa mrefu, sauti huwa nzito. Akajaribu namba moja baada ya nyingine hadi akapata sauti zote za muziki, kisha akazipanga kuwa wimbo.

Na hakuificha siri hiyo. Aliandika maelezo, yakachapishwa katika gazeti dogo la hapo mjini lililofundisha watu wa kawaida mambo ya kompyuta. Yeyote mwenye Altair na redio aliweza kujaribu.

NAMNA WALIVYOENDESHA MIKUTANO

Watu waliongezeka hadi kufikia mamia. Wakahamia ukumbi mkubwa wa kituo cha utafiti kiitwacho SLAC, cha Chuo Kikuu cha Stanford. Wanaoendesha vikundi watakubali kwamba watu wengi kiasi hicho ni taabu. Wachache husema kila siku, wengine hulala. Mwelekezi wa mikutano, Lee Felsenstein, alitafuta njia. Yeye na wenzake walikuwa na uzoefu. Mwaka wa 1973, huko Berkeley, walikuwa wameweka mashine dukani, iliyounganishwa na kompyuta, ili mpita njia yeyote aandike tangazo au atafute la mwingine.

Felsenstein aligawa mkutano katika sehemu mbili:

1. Sehemu ya kwanza, watu waliinua mikono. Kila aliyeitwa alisema kwa ufupi: nina hiki, natafuta kile, nimesikia habari hii. Hakuna hotuba. Mwelekezi akiona mtu anarefusha, anamkatiza kwa heshima.

2. Sehemu ya pili, mkutano ulivunjwa kwa makusudi. Kila mtu alimwendea yule aliyemsikia mwanzoni. Mwenye tatizo alimtafuta mwenye jibu. Hapo ndipo chipu, michoro na namba za simu zilibadilishana mikono, na kelele ilikuwa kama soko.

Pia walikuwa na jarida lao dogo. Toleo la kwanza lilitoka siku kumi tu baada ya mkutano wa gereji, na Moore ndiye aliyeliandika. Mtu aliyekosa mkutano hakukosa habari.

UGOMVI JUU YA JASHO LA MTU

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Kompyuta bila programu ni sanduku tu. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliandika programu ya Altair iitwayo BASIC, ambayo ilimwezesha mtu kuiagiza kompyuta kwa maneno badala ya kuhangaika na swichi. Iliuzwa, tena ghali kwa mtu aliyeitaka peke yake. Wengine walikuwa wamelipa na bado wanangoja.

Mwezi wa Juni 1975 kampuni ya MITS ilifanya maonyesho katika hoteli moja ya mji wa Palo Alto. Programu yenyewe ilikuwa imetobolewa kwenye utepe wa karatasi. Basi utepe mmoja ukatoweka. Haukupita muda, nakala zake zikaanza kugawiwa chamani. Sharti lilikuwa moja: ukichukua nakala, mkutano ujao ulete zaidi ya ulizochukua.

Walioshangilia walikuwa wengi. Kwao hii ilikuwa desturi ya chama: kitu kizuri hugawanywa. Lakini Gates alikasirika. Tarehe 3 Februari 1976, akiwa na miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenda kompyuta, nayo ikachapishwa hata katika jarida la Homebrew. Alidai kwamba wenye Altair walionunua BASIC hawafiki mmoja kati ya kumi. Akauliza: ni nani ataweza kufanya kazi nzuri bila malipo? Waliochukua bila kulipa aliwaita wezi.

Tuwe wakweli, kila upande ulikuwa na haki yake. Mkulima anayetoa mbegu kwa jirani anafanya vyema. Lakini jirani akiingia shambani usiku akachukua mwenyewe, huo si ujirani. Kugawana kunahitaji mwenye kitu akubali. Kwa upande mwingine, bei ikiwa kubwa kupita kiasi watu wa chini wanafungiwa nje, nao watatafuta dirisha la kuingilia.

Je, palikuwa na njia ya tatu? Ndiyo. Mwanachama mwingine, Tom Pittman, aliandika BASIC fupi akaiuza kwa dola 5 tu. Alitaka kuona kama watu watalipa bei ikiwa ya haki. Watu wakalipa. Wengine waliamua kuandika programu kwa hiari yao na kuzichapisha hadharani, ili yeyote anakili bila kuiba. Kazi hiyo ya hiari imeendelea kukua, na leo programu nyingi zinazoendesha intaneti ni za namna hiyo.

YALIYOFUATA

Wozniak alimaliza kompyuta yake akaja kuionyesha chamani. Michoro yake aliigawa bure, na hata alikwenda nyumbani kwa wenzake kuwasaidia kuunganisha. Rafiki yake, Steve Jobs, akaona inaweza kuuzwa. Mnamo Aprili 1976 wakaanzisha kampuni ya Apple. Duka moja la karibu, ambalo mwenyewe pia alihudhuria mikutano, likaagiza kompyuta 50, na hiyo ikawa biashara yao ya kwanza kubwa. Wanachama wengine nao wakaanzisha kampuni zao. Felsenstein mwenyewe ndiye aliyechora Osborne 1 ya mwaka 1981, kompyuta ya kwanza ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi.

Lakini biashara ilileta siri. Mtu aliyekuwa akisimama kila wiki mbili kusema alichogundua sasa alinyamaza, kwa sababu aliyekaa kando yake ni mshindani. Fred Moore alikuwa ameondoka mapema, mnamo 1975 hiyo hiyo. Aliona wenzake wanajali mashine kuliko watu. Alirudia kazi yake ya amani hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 1997. Chama chenyewe kilifanya mkutano wa mwisho Desemba 1986.

Kasoro nyingine ni lazima itajwe. Karibu wote waliohudhuria walikuwa wanaume. Hakuna aliyeandika kwamba wanawake wasije, lakini mlango kuwa wazi na mtu kukaribishwa si kitu kimoja.

NA HAPA KWETU?

Hapa Kenya tumeona moyo huo huo. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wito watu wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mahali penye vurugu na mahali panapohitaji msaada. Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman ni kati ya walioitikia. Kwa siku chache tu Ushahidi ikawa tayari, na wananchi wakatuma habari kwa simu zao. Baadaye programu hiyo iliachwa wazi ili wengine waitumie bila malipo. Mwaka wa 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka huo huo wapenda kompyuta wa Nairobi walipata mahali pao pa kukutania, iHub, katika Barabara ya Ngong. Tazama pia kwamba wito wa kwanza ulitoka kwa mwanamke.

Basi, mpendwa msomaji, rudi kwa ile kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Wale wa Menlo Park hawakuanza na mfadhili. Walianza na gereji, mashine moja ya kutazama, na mazoea ya kuulizana bila aibu. Kikundi chako kikikutana, toa kitambaa. Kila mmoja aseme anachojua na anachotafuta. Atakayejifunza jambo wiki hii awafundishe wawili wiki ijayo. Na aliyetoa jasho, mkubaliane mapema atapata nini, kwa maana ugomvi mwingi huanza pale palipokosa mapatano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu ni nani anashika ufunguo? Je, anatunza kitu, au anawazuia watu?

2. Fulani akitumia siku tatu kutengeneza kitu cha kikundi, tumlipe au tumshukuru tu? Nani anaamua?

3. Je, kuna ujuzi ambao mmoja wetu anao na hatujawahi kumwomba atuonyeshe?

4. Nani hayuko hapa leo, ingawa mlango uko wazi? Tufanye nini ili ajione amekaribishwa?